Dubu wa njano na fomu iliyosomwa nusu

Kila mwaka, Ijumaa moja ya katikati ya Novemba, simu ya mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, huanza kulia mfululizo baada ya saa nne usiku. Ni ujumbe wa sauti kutoka kwa mama yake mzazi anayeishi Leicester, Uingereza. Mmoja una dakika mbili, mwingine sekunde kumi na tano, mwingine ni kikohozi tu na maneno, "Subiri, wanaleta mtoto mwingine."

"Haya, wameanza," bibi husema. "Dubu ametoka, anapunga mkono. Kuna dada amevaa gauni la kung'aa, huyo simjui. Sasa wanaonyesha kijana mdogo, mama yake anaumwa, yeye ndiye anayepika..."

Mwaka jana mtoto wa mama huyu, msichana wa miaka tisa aliyekuwa amejifanya amelala, aliinua kichwa akauliza: "Mama, kwani bibi hajui kwamba hivyo vitu tunaweza kuvitafuta wenyewe kwenye simu? Kwa nini anatusimulia televisheni?"

Mama alicheka kwanza. Kisha akazima taa, akaketi kitandani kwa mtoto na kumweleza habari ya mwaka 1996, wakati yeye naye alikuwa na miaka tisa.

Kipindi anachosimulia bibi kinaitwa Children in Need, yaani watoto wenye uhitaji, na hurushwa na BBC. Asili yake ni ya zamani sana. Siku ya Krismasi mwaka 1927 redio ya BBC ilitoa ombi la dakika tano kwa ajili ya watoto, zikapatikana pauni 1,143 na ushee. Mwaka 1980 ndipo kikawa kipindi kirefu cha televisheni, mmoja wa watangazaji wake akiwa Terry Wogan, Mwairishi mwenye sauti ya taratibu iliyomfanya hata asiyejua Kiingereza ajione amekaribishwa. Mwaka ule wa kwanza walivuka pauni milioni moja. Dubu alikuja mwaka 1985. Anaitwa Pudsey, jina la mji wa West Yorkshire alikotoka mbunifu wake. Ni wa njano na amefungwa kitambaa jichoni.

Tangu mwaka 1980 zimekusanywa zaidi ya pauni bilioni moja. Fedha hizo haziji Afrika. Zinabaki Uingereza, zinagawiwa kwa vyama na vituo vidogo vidogo vya mitaani vinavyohudumia watoto.

Jambo hilo ndilo lililomshangaza mama mtu alipokiona kipindi kwa mara ya kwanza. Familia ilikuwa imefika Leicester mwaka 1994 kutoka Tanga: baba, mama, binti wa miaka saba na mdogo wake wa kiume wa miaka mitatu. Mama alikuwa amekula unga wa njano wa msaada katika miaka ya njaa, amevaa mitumba tangu utoto, na kichwani mwake msaada ulikuwa kitu kinachotoka huko kuja huku. Sasa aliketi huko kwenyewe, anaangalia watoto wa Kizungu wakiombewa hela.

"Na hawa nao huchangiwa?" aliuliza. Akarudia tena baadaye, kana kwamba hakuridhika na jibu.

Akakipenda kipindi. Kila Novemba kilikuwa kama sikukuu ya nyumbani kwao. Asubuhi ya Ijumaa hiyo watoto walikwenda shule bila sare, wakiwa na sarafu ya pauni moja mkononi, jambo ambalo mama hakulielewa hata kidogo. ("Yaani shule inawatoza watu hela ili wasivae sare?") Jioni kochi lilisogezwa karibu na televisheni, blanketi likaletwa, mihogo ikakaangwa, chai ya tangawizi ikawekwa kwenye chupa. Mezani kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko, ambamo chenji za mwaka mzima zilitumbukizwa.

Watoto waliruhusiwa kukesha. Kazi ya kushika rimoti ilikuwa ya mdogo mtu. Kila baada ya muda tarakimu za jumla ya michango zilitokea, watu studioni wakapiga makelele, na mama akapiga makofi nao. Wasomaji wa habari walipotoka na kucheza muziki alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. "Huyu si yule aliyesoma habari za vita jana?"

Kiingereza chake wakati huo kilikuwa cha sokoni: bei, asante, samahani, basi namba ngapi. Kwa hiyo aliuliza. "Wanasema nini?" Na binti, ambaye alitaka kuangalia wala si kutafsiri, alijibu kwa kifupi.

"Wanasema anaumwa."

"Maneno yote yale ni kuumwa tu?"

"Anaumwa sana."

Mama aliridhika. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa barua za daktari, za gesi, za mwenye nyumba. Wazazi wengi waliolea watoto ugenini wanaijua hali hii: mtoto wa darasa la pili anakuwa karani wa nyumba, anashika siri za watu wazima, na hakuna anayemlipa wala anayemkagua.

Mapema mwaka 1996 baba aliondoka. Habari za kuondoka kwake ni ndefu, na watu wenyewe wangali hai na wanasoma magazeti, kwa hiyo ziishie hapo.

Mama alipata kazi ya kufanya usafi maofisini, kuanzia saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku. Watoto wakaanza kwenda kwenye klabu ya baada ya masomo, ukumbi mmoja mitaa miwili kutoka nyumbani, ambako walipewa mkate wenye jamu, wakasimamiwa kazi za shule na kucheza mpira wa meza hadi mama alipopita kuwachukua. Hawakulipishwa kitu. Mwalimu wa shule ndiye aliyewaandikisha, na mama alielewa kuwa ni sehemu ya shule.

Kwenye kioo cha mlango wa ukumbi ule palikuwa na stika ya dubu wa njano.

Siku ya kwanza binti alifurahi kumwona, kama mtu aliyekutana na jirani safarini. Zilipita wiki kadhaa kabla ya mtoto mmoja mkubwa kumweleza maana yake. Hela ya mahali hapa, alisema, inatoka kwenye kile kipindi. Sisi ndio wale.

Binti alikaa na maneno hayo siku nzima. Aliifuata ile njia kichwani: sarafu zinatoka kwenye kopo la maziwa la nyumbani, zinakwenda kwenye kopo la dukani, zinaingia kwenye televisheni, kisha zinatoka upande wa pili zikiwa mkate wenye jamu, na anayeula ni yeye. Alijaribu kuona ubaya uko wapi hasa, akashindwa, lakini tumbo lilimkaza. Hakumwambia mama.

Oktoba ikaja fomu. Klabu ilitaka kuwapiga picha watoto kwa ajili ya kijitabu cha kuwashukuru wachangiaji, na kila mzazi alitakiwa aweke sahihi. Katikati ya fomu kulikuwa na sentensi mbili zilizoeleza kwamba klabu inahudumia watoto wa familia zenye kipato cha chini, zilizo katika wakati mgumu. Mama alikuwa amerudi kazini, viatu bado miguuni.

"Inasemaje?"

"Wanataka kutupiga picha tukicheza. Unaweka sahihi hapa."

"Basi?"

"Basi."

Mama akasaini kwa mwandiko wake mzuri. Hakuwa mtu asiyejua kuandika. Alikuwa mweka hazina wa upatu wa wanawake wa Tanga, Mombasa na Unguja waliokuwa wakikutana kila mwezi, na daftari lake halikuwahi kupotea hata peni moja. Kila mwezi alituma hela Tanga, na huko Tanga hakuna aliyejua kwamba mumewe ameondoka.

Binti alikuwa na sababu zake za kuruka zile sentensi. Alitaka picha. Hakutaka mama ajue habari ya dubu. Na zaidi ya hayo, hakujua namna ya kumtazama mama yake usoni akamwambia kwa Kiswahili kwamba wao ni familia ya kipato cha chini. Kwa Kiingereza maneno yalikuwa kwenye karatasi tu. Kwa Kiswahili yangekuwa chumbani, pamoja nao.

Wiki moja kabla ya usiku wa kipindi walikwenda dukani. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi kutoka Jinja, mmoja wa wale ambao Idi Amin aliwapa siku 90 kuondoka Uganda mwaka 1972. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitangaza kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko. Wakaenda. Mzee huyu aliuza bamia, mihogo, ndizi mbichi na unga wa sembe, na alipenda mama aje kwa sababu alipata mtu wa kusema naye Kiswahili. Kopo la mchango lenye picha ya dubu lilikaa karibu na mashine ya hela, na mama kila siku alitumbukiza humo chenji ndogo.

Siku hiyo mzee alimwona tu akainua kijitabu juu.

"Mama! Karibu uone! Binti yako amekuwa mtu mkubwa!"

Ilikuwa picha nzuri. Binti ameshika kibao cha mpira wa meza, anacheka, pengo linaonekana. Mama naye akatabasamu. Wanawake wawili wa upatu, waliokuwa wakichagua ndizi, wakasogea.

"Na hapa chini pameandikwa nini?" mama aliuliza.

Mzee akavaa miwani. Alisoma kwa kituo, neno kwa neno, kwa fahari ya mtu anayetumia lugha aliyoikosa siku nyingi. "Wanasema... watoto hawa wanatoka kwa familia maskini... mapato yao ni kidogo sana... bila msaada wenu, watoto hawa wangekuwa..." Hapo sauti yake ikapungua. Alikuwa ameelewa anachosoma, na anamsomea nani, na nani wengine wanasikia. Akakunja kijitabu taratibu.

"Asante, mzee," mama akasema. "Nipimie na bamia nusu kilo."

Alilipa. Akapokea chenji. Mkono wake ulisimama kidogo juu ya kopo la dubu, kisha ukaingia mfukoni na chenji zikiwa bado ndani yake.

Njiani hakusema kitu. Nyumbani alipika, wakala, akamlaza mdogo mtu. Binti alikuwa akingoja kofi, na angelipokea kwa shukrani.

"Ile fomu ilikuwa na maneno hayo?"

"Ndiyo."

"Ukayaruka."

"Ndiyo, mama."

Kisha yote yakatoka, habari ya stika, ya mkate, ya yule mtoto mkubwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Umenifanya nisomewe mambo ya nyumba yangu na mwenye duka." Akaenda kulala. Binti, ambaye leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, anasema hajawahi kupigwa kipigo kilichomuuma kama sentensi ile.

Jumatatu mama aliomba ruhusa kazini akaenda klabu kuonana na msimamizi. Mkalimani, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, alikuwa binti yuleyule.

"Mwambie picha ya mwanangu iondolewe kwenye vitabu vilivyobaki."

Binti akasema. Msimamizi akaomba radhi, akaeleza kwamba fomu ilisainiwa. Binti akalitafsiri na hilo, uso ukimwaka.

"Mwambie najua. Mwambie nilisomewa nusu."

Msimamizi akauliza kwa wasiwasi kama sasa watoto hawatakuja tena.

"Watakuja. Kazi bado ninayo. Mwambie shida yangu si mkate wao. Mkate ni mzuri. Shida yangu ni picha."

Ijumaa ilipofika binti aliamini kwamba mwaka huo hawataangalia. Lakini saa moja jioni mama, aliyekuwa amebadilishana zamu na mwenzake, aliwasha televisheni. Mihogo ilikuwepo. Kopo la maziwa lilikuwepo mezani. Alimwonyesha binti nafasi ya pembeni yake kwenye kochi.

"Leo utanisomea yote," alisema. "Usiruke neno."

Ndipo kazi ilipoanza. Wogan akitania, binti anatafsiri utani, utani unakufa njiani, mama anauliza kwa nini watu wanacheka. Wimbo ukiimbwa, anatafsiri wimbo. Ilipofika zamu ya zile filamu fupi za watoto, aligundua kwamba miaka yote alikuwa akiziangalia bila kuzisikia. Kulikuwa na watoto wanaowalea wazazi wao wagonjwa. Kwa Kiingereza watoto wa namna hiyo wana jina lao la maneno mawili. Kwa Kiswahili alilazimika kueleza yote: mtoto huyu anaamka mapema, anampa mama yake dawa, anamvisha, ndipo anakwenda shule.

Ikaja filamu ya nyumba moja ya watoto wagonjwa. Binti akasema, "Hii ni nyumba ya watoto wagonjwa."

"Umeruka."

"Sijaruka."

"Amesema maneno mengi kuliko hayo. Nimeyahesabu."

Binti akameza mate. "Ni nyumba ya watoto ambao hawatapona."

Mama akanyamaza kidogo. "Haya. Endelea."

Kufikia saa nne, sauti ya binti ilikuwa imekauka na mdogo mtu amelala na rimoti mkononi. Wasomaji wa habari walikuwa wamecheza, na mama, ambaye alikuwa amekaza uso kama mtu aliye mahakamani, alishindwa akacheka. Baadaye akarudi kwenye yule mtoto wa dawa.

"Huyo anamsomea mama yake na barua?"

"Labda."

Mama alimtazama binti yake kwa muda mrefu. "Ni mzigo mkubwa kwa mtoto," alisema. Hilo ndilo lililokuwa karibu zaidi na msamaha, na halikurudiwa tena.

Usiku ulipokuwa umekwenda sana, mama alifungua kopo akamwaga sarafu mezani. Akazihesabu mara mbili. Pauni 6 na peni 40. Kisha akafanya jambo ambalo binti hajalisahau. Alichukua daftari la upatu, akafungua ukurasa mpya, akapiga mstari katikati kama alivyozoea. Upande mmoja akaandika *Tumetoa*, na chini yake hesabu ile. Upande wa pili akaandika *Tumepokea*: mkate, jamu, chai, kukaa na watoto wawili, siku tano kwa wiki, tangu mwezi wa tatu.

Akaangalia pande zote mbili, kalamu ikigonga meno. "Hesabu haijakaa sawa," alisema, akafunga daftari.

Asubuhi walizipeleka sarafu dukani. Mzee alitoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akaanza kuomba radhi. Mama akamkatiza. Mzee akaona aeleze jambo lingine badala yake. Aliposhuka Uingereza mwaka 1972, alisema, ilikuwa baridi na yeye ana shati la Jinja. Watu wa kujitolea walikuwa wamejipanga wakigawa nguo. Akapewa koti. Alilivaa msimu mzima wa baridi, akaenda nalo kuomba kazi sehemu nyingi, na Machi ndipo mtu mmoja alipomwambia kwamba ni koti la kike, vifungo viko upande mwingine.

"Nani alijua?" mzee akasema. "Joto lilikuwa joto tu."

Mama akacheka mpaka akashika kaunta. Kisha akatumbukiza sarafu moja moja, na kwa kuwa zilikuwa nyingi za peni mbilimbili, foleni ikawa ndefu.

Januari mama akajiandikisha darasa la Kiingereza la asubuhi. Haikuwa haraka wala rahisi. Lakini kidogo kidogo barua zilianza kufunguliwa kabla binti hajarudi shule, na alipofika sekondari hakuna aliyekuwa akimwita tena kuja kusoma. Anakiri kwamba alifurahi, na kwamba pia alijisikia kama mtu aliyeachishwa kazi.

Alirudi Tanzania akiwa na mume na akaanza maisha Tabata. Dubu wa njano hajulikani huku. Lakini miaka michache iliyopita shule ya mtoto wake ilichangisha wazazi kwa ajili ya kituo cha watoto yatima. Alitoa mchele na sabuni za mche kama wenzake. Jioni picha zikamiminika kwenye grupu la WhatsApp la wazazi: watoto wa kituo wamepangwa mstari, kila mmoja ameshika pakiti, sura wazi kabisa, na chini yake vikatuni vya mikono inayopiga makofi. Akaandika: "Hawa watoto, kuna aliyewauliza kuhusu picha?"

Grupu likanyamaza. Mzazi mmoja akajibu, "Mama, tusiwe wagumu jamani, hii ni sadaka." Mwingine akabadilisha mada kuwa usafiri.

Saa tatu usiku mama mmoja ambaye hawakuwa na mazoea alimpigia simu. Alisema yeye alilelewa kwenye kituo, mkoa mwingine, miaka mingi iliyopita. "Tulikuwa tunafundishwa kushika boksi," alisema. "Mikono hivi, ili jina la waliotoa lionekane. Mpaka leo nikishika boksi nashika hivyo." Hawakuongea mengi zaidi ya hayo.

Mwaka uliofuata zilipigwa picha za magunia peke yake. Wazazi kadhaa walilalamika kwamba hazivutii.

Mambo haya yote, isipokuwa ile simu, mama aliyasimulia mwaka jana gizani, huku ujumbe wa bibi ukiendelea kuingia. Mtoto alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo ni nadra. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo bibi anatusimulia ili asiruke?"

"Muulize mwenyewe."

Mtoto akachukua simu, akabonyeza, akasogeza mdomo karibu kabisa kama anayeongea kisimani. "Bibi, shikamoo. Wamefikia ngapi?"

Walingoja. Leicester ilikuwa bado saa mbili na kitu usiku. Kisha jibu likaingia, nyuma yake watu wakishangilia na ngoma ikipigwa kwa kasi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ngoja, ndiyo wanataka kuonyesha."